Matone ya polio mara tisa, sindano ya korona mara tatu: je, kurudia chanjo kuna madhara?

SWALI

Niko Kadutu, Bukavu. Mtoto wangu ana miaka mitatu na nusu. Mbali na chanjo za kituo cha afya, wachanjaji wamempitia nyumbani karibu kila kampeni na kumtilia matone ya polio. Nimehesabu, jumla ni mara tisa. Mama yangu mzazi ana miaka 68, ana kisukari na presha, na ameshachomwa sindano ya korona mara tatu. Sasa muganga anamwambia achomwe nyingine kwa sababu kirusi kimebadilika. Kwenye WhatsApp ya kanisa imepita sauti ya mtu anayesema kwamba chanjo zikirudiwa-rudiwa zinachosha kinga ya mwili, na kwamba ndizo zinazofanya virusi vibadilike. Jirani yangu ameisikia na siku hizi anawafungia mlango wachanjaji. Ukweli ni upi?

JIBU

Mama, pokea jibu kwanza, maelezo yafuate. Matone tisa hayajamdhuru mtoto wako, na ya kumi hayatamdhuru. Mama yako anaweza kuchomwa dozi nyingine ikiwa miezi sita au zaidi imepita tangu ile ya mwisho, na ikiwa hakuna dozi iliyowahi kumletea mzio mkali. Hesabu ya dozi peke yake si kipimo cha hatari. Wanaoifahamu kazi hii huuliza mambo mengine: ni chanjo ya aina gani, muda gani umepita, anayechanjwa ni nani, na dozi iliyotangulia ilimwacha katika hali gani.

Tuanze na matone. Kirusi cha polio kina aina tatu, na kinga ya aina moja haimlindi mtoto dhidi ya nyingine. Matone anayopewa mtoto kituoni anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14, yanakinga aina ya 1 na ya 3 tu. Aina ya 2 iliondolewa kwenye matone hayo dunia nzima mwezi wa nne mwaka 2016, kwa sababu kirusi cha asili cha aina hiyo kilikuwa kimekwisha kutoweka. Kinga ya aina ya 2 ikabaki kwenye sindano ya polio inayoanza katika wiki ya 14. Sindano hiyo inamlinda mtoto asipooze, lakini haizuii vizuri kirusi kukaa tumboni mwake na kutoka na choo kwenda kwa wengine. Ndiyo sababu mlipuko wa aina ya 2 ukitokea, wachanjaji huja mlangoni na matone mengine, nOPV2, ambayo ni ya aina ya 2 peke yake. Na kwa kuwa Kongo imepata pia milipuko ya aina ya 1, kampeni nyingine hutumia matone ya aina ya 1 na 3. Kwa hiyo tisa zako si dozi tisa za kitu kimoja. Mchanjaji akifika, muulize: leo mnatia aina gani? Ni haki yako, na imeandikwa kwenye kichupa.

Hata hivyo aina ileile hurudiwa, na hapo kuna sababu inayotuhusu sana sisi watu wa Kivu. Chanjo ya matone ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Lazima kishike kwenye utumbo na kuzaana kidogo ndipo kinga ijengeke. Mtoto mwenye kuhara, mwenye utapiamlo, au ambaye utumbo wake tayari umejaa virusi vingine kutokana na maji machafu, anaweza kumeza matone yasishike kabisa. Mchanjaji aliye mlangoni hana namna ya kujua ni mtoto yupi alishika na yupi hakushika, kwa hiyo anawarudia wote.

Na yule ambaye kinga yake ilishashika mara ya pili au ya tatu, dozi ya tisa inamfanya nini? Karibu hakuna. Kirusi cha chanjo kinafika tumboni, kinakutana na kinga iliyokwisha tayarishwa, kinazuiwa kabla ya kuzaana sana. Ajali inayoogopwa katika matone ya zamani ni kupooza kunakosababishwa na chanjo yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kisa 1 hivi kwa kila dozi milioni 2.7, na hatari hiyo iko zaidi kwenye dozi ya kwanza, wakati utumbo bado hauna kinga yoyote. Kila dozi inayoshika inaipunguza. Wazazi huogopa zaidi kadiri dozi zinavyoongezeka, na hatari yenyewe inakwenda upande wa pili. Chanjo ya homa ya manjano nayo ni hivyohivyo: madhara yake makubwa, ambayo ni nadra sana, hutokea karibu yote kwenye dozi ya kwanza, hasa kwa waliopita miaka 60.

Sasa ile sauti ya WhatsApp. Ina punje ya ukweli ndani yake, na kuificha punje hiyo ndiko kunakoipa nguvu. Kirusi cha chanjo ya matone kinaweza kubadilika. Kikitoka na choo cha mtoto aliyechanjwa na kuingia kwa mtoto ambaye hakuchanjwa, kisha kwa mwingine na mwingine, kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima na zaidi, kinaweza kurudisha uwezo wa kupoozesha. Milipuko ya aina ya 2 tunayoisikia nchini ni ya virusi vya namna hiyo. nOPV2 ilitengenezwa ili mabadiliko hayo yawe magumu zaidi. Ilianza kutumika mwezi wa tatu 2021, na mwezi wa kumi na mbili 2023 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha rasmi. Ugumu huo haukufika kwenye sifuri: mwezi wa tatu 2023 ilitangazwa kwamba kirusi kilichotokana na nOPV2 yenyewe kimepatikana Burundi na mashariki mwa nchi yetu, Kivu Kusini ikiwemo.

Lakini tazama kirusi hicho kilihitaji nini ili kibadilike. Kilihitaji msururu mrefu wa watoto wasio na kinga, mmoja akimpa mwingine. Mtaa ambao kila mtoto amepata matone yake unakikatia njia baada ya wiki chache. Mtaa wenye milango iliyofungwa unakiachia njia. Jirani yako anadhani anamkinga mtoto wake na kirusi kinachobadilika, kumbe anamweka mahali penyewe kinapobadilikia. Mweleze hivyo, kwa upole. Si mjinga, amepewa nusu ya habari.

Kinachostahili macho yako siku ya kampeni ni ubora wa kile kinachodondoshwa, kuliko hesabu. Kwenye kichupa kuna alama ya duara yenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe, au mweupe zaidi kuliko duara, chanjo ni nzima. Mraba ukifanana rangi na duara, au ukiwa mweusi kupita duara, joto limeiharibu na haifai kutiwa mtoto yeyote. Alama hiyo huonekana kwa macho bila kifaa. Kichupa kikae ndani ya sanduku la baridi lenye vipande vya barafu, si mkononi mwa mchanjaji anayepanda ngazi za Kadutu juani. Dozi ni matone mawili. Mtoto akitema au akitapika papo hapo, atiliwe tena palepale. Akiwa anaharisha, atiliwe hata hivyo, ila usiihesabu dozi hiyo kama ya kutegemea. Unaweza kumnyonyesha kabla na baada. Mwenye homa kali, degedege au kulegea apelekwe kituo cha afya kwanza. Wa kunyimwa matone ni mtoto aliyethibitishwa kuwa na upungufu mkubwa wa kinga wa kuzaliwa nao, na hao ni wachache mno.

Jambo moja zaidi, na usilisahau: mtoto yeyote chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla, awe amechanjwa mara ngapi, aripotiwe kituoni siku hiyohiyo. Huchukuliwa choo mara mbili, kwa kuachana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Ukichelewa, maabara inaweza kukosa cha kuona. Na asichomwe sindano za hovyo za msuli mtaani wakati anangoja, kwa sababu kama ni polio kweli, sindano hizo zinaweza kuzidisha kupooza.

Kwa mama yako mzazi hesabu ni tofauti, kwa sababu chanjo za korona hazina kirusi hai kinachozaana. Hapa swali la “kinga kuchoka” linastahili jibu kamili.

Kuchoka kwa kinga kupo, na waganga wanalijua jambo hilo. Seli za kinga hudhoofika zinapopambana na kirusi kisichoondoka mwilini miaka na miaka, kama VVU au homa ya ini ya B. Chanjo haikai hivyo. Ujumbe wa kijenetiki ulio katika chanjo ya Pfizer au Moderna huvunjwavunjwa mwilini ndani ya siku hadi wiki chache, kisha seli zinapumzika hadi dozi nyingine. Mwezi wa tatu 2024 watafiti wa Ujerumani walichapisha habari za mwanaume wa miaka 62, wa mji wa Magdeburg, aliyejichomesha kwa hiari yake chanjo za korona mara 217 katika miezi 29. Walipompima, seli zake za kinga zilifanya kazi sawasawa na za watu waliochanjwa mara tatu, na hakuonyesha madhara makubwa. Mtu mmoja hathibitishi usalama wa watu wote, wala asiigwe. Ila kama kurudia kungekuwa kunamaliza kinga, yeye angekuwa wa kwanza kuonekana.

Yapo mawili yaliyoonekana kweli kwa waliorudia, na ni vizuri uyasikie kwa mtu asiyetaka kukutisha. La kwanza: baada ya dozi ya tatu ya Pfizer, sehemu ya kingamwili, yaani protini za damuni zinazokishika kirusi, hugeuka kuwa za aina iitwayo IgG4. Katika utafiti uliotoka mwezi wa kumi na mbili 2022, zilipanda kutoka asilimia 0.04 muda mfupi baada ya dozi ya pili hadi karibu asilimia 19 miezi kadhaa baada ya ya tatu. Kingamwili hizo hukishika kirusi vizuri, lakini hazichochei sana seli nyingine kukishambulia. Wanasayansi wanaendelea kulifuatilia. Kwangu mimi ni sababu ya kutochomana ovyo kila miezi miwili, wala si sababu ya mgonjwa wa kisukari kukaa bila kinga.

La pili ni la zamani kuliko korona. Mwaka 1960 Thomas Francis, aliyekuwa akichunguza mafua, aliandika kwamba mwili hukumbuka zaidi sura ya kwanza ya kirusi uliyokutana nayo. Ukiupa sura mpya, sehemu kubwa ya nguvu zake huenda kwenye yale ambayo sura mpya inafanana na ya zamani. Kwa wanaochanja mafua kila mwaka, hili limeonekana misimu fulani: chanjo inawalinda kidogo pungufu kuliko anayechanjwa mara ya kwanza, ingawa bado inawalinda kuliko wasiochanjwa. Huo ni upungufu wa faida, si ugonjwa. Kwa korona watengenezaji walijirekebisha. Chanjo za mwaka 2022 zilichanganya kirusi cha mwanzo na sura yake mpya iitwayo Omicron. Kuanzia 2023 kirusi cha mwanzo kikaachwa kabisa, ikabaki sura mpya tu, kwanza XBB.1.5, kisha JN.1 na jamaa zake mwaka uliofuata.

Muda kati ya dozi ndiyo nguzo ya yote hayo. Kingamwili zikiwa bado nyingi damuni, huidaka dozi mpya na kuiondoa kabla seli hazijajifunza kitu. Mtu anaumwa mkono bure. Zikishuka, dozi inapata nafasi ya kufundisha. Kwa wazee wenye magonjwa kama ya mama yako, pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni kurudia baada ya miezi 6 hadi 12. Kama ameugua korona hivi karibuni, angoje miezi mitatu hivi.

Hatari za kweli za chanjo za korona zinajulikana, na hazigawanywi sawa kwa watu wote. Uvimbe wa msuli wa moyo baada ya Pfizer au Moderna huwapata hasa vijana wa kiume, wa miaka 12 hadi 29, mara nyingi ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili. Dozi za baadaye zimeonyesha hatari ndogo kuliko hiyo ya pili, na kuziachanisha dozi mbili za kwanza kwa wiki 8 kunaipunguza. Damu kuganda pamoja na kushuka kwa chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia igande), baada ya AstraZeneca au Johnson & Johnson, kulionekana zaidi baada ya dozi ya kwanza, kati ya siku ya 4 na ya 42. Mzio mkali wa ghafla ni kama visa 5 kwa kila dozi milioni 1, na karibu wote hujitokeza ndani ya nusu saa. Mama wa miaka 68 aliyemaliza dozi tatu salama amekwisha kuvuka sehemu kubwa ya hatari hizo. Hatari ya korona yenyewe, kwa kisukari na presha, bado iko mbele yake. Ningekuwa namhudumia, ningemchoma. Kwa kijana mzima wa miaka 25 aliyechanjwa na kuugua pia, nisingemsukuma. Tangu 2023 Shirika la Afya Duniani halipendekezi kama utaratibu kuwarudia-rudia dozi watu wenye afya wa umri huo.

Kabla ya kwenda, chukueni fishi zake zote, yaani kadi za chanjo. Chanjo zilizoletwa nchini kwetu zilikuwa za kampuni tofauti, na muganga anahitaji jina, tarehe na namba ya shehena ya kila moja. Kuchanganya kampuni si kosa. Asubuhi hiyo ale, anywe dawa za presha na kisukari kama kawaida, mpime sukari. Akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, ahirisheni. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda aseme kabla, na mahali pa sindano pabanwe kwa dakika 2 au zaidi bila kupasugua. Akae kituoni dakika 15, au 30 kama amewahi kupata mzio wowote mkali. Na kituo kiwe na adrenalini mkononi, si kabatini kwa mwenye ufunguo aliyekwenda mjini: kwa mtu mzima ni mililita 0.5 ya ile ya miligramu 1 kwa mililita, kwenye msuli wa paja upande wa nje, inayoweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15.

Siku mbili zinazofuata mkono utauma, huenda na homa na uchovu. Homa hupandisha sukari, kwa hiyo mpimeni kila siku kwa siku tatu. Parasetamoli tembe 1 au 2 za miligramu 500, zisizidi mara 3 kwa siku, na asizinywe kabla ya kuchomwa “ili kujikinga”. Msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni kwenye farmasi ya mtaani. Kwa presha na figo za mwenye kisukari hizo ni mbaya kuliko homa yenyewe. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, moyo kwenda mbio, kichwa kikali kisichotulia, mguu mmoja kuvimba: hapo ni hospitali, bila kungoja asubuhi.

Zipo chanjo ambazo kurudia haraka kweli kuna ubaya, na huwa nawaambia wauguzi wasilifiche. Ya pepopunda ikirudiwa mapema kwa mwenye kinga nyingi inaweza kuvimbisha mkono kuanzia begani hadi kiwiko ndani ya saa chache. Ndiyo maana wanawake wana ratiba: dozi ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka, basi. Ya homa ya manjano inatosha moja maisha yote, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi yake ya kimataifa haiishi muda. Anayevuka mpaka wa Ruzizi na kadi ya zamani iliyo halali hahitaji nyingine. Na kwa kidinga, virusi vyake vikiwa vya aina nne, chanjo ya kwanza iliyotolewa Ufilipino iligundulika mwaka 2017 kuwa inaweza kuzidisha ugonjwa kwa watoto ambao hawakuwa wamewahi kuugua. Kwa kisa hicho chanjo za korona zilichunguzwa kwa jicho hilohilo, na katika dozi zaidi ya bilioni 13 zilizotolewa duniani hatari ya namna hiyo haikujitokeza.

Kuhusu chanjo kufanya virusi vibadilike: kirusi hubadilika kinapozaana, na kinazaana ndani ya wagonjwa. Kinga ya watu, iwe ya kuugua au ya kuchanjwa, huchuja mabadiliko yapi yasonge mbele. Hilo ni kweli kwa korona na mafua. Lakini chanjo ya surua inatumika tangu 1963 na kirusi chake hakijaweza kuikwepa. Mpox (ndui ya nyani) iliyotokea Kamituga, Kivu Kusini, ilikuwa ya tawi jipya, na bado chanjo iliyoanza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba 2024 ilikuwa ileile iliyokuwepo, kwa sababu virusi vya jamii hiyo hufanana sana na hubadilika polepole. Kila kirusi na tabia yake.

La mwisho linahusu familia nyingi zilizohama zikiacha fishi nyumbani. Kama huna fishi na huna kumbukumbu ya uhakika, mtoto huhesabiwa kuwa hajachanjwa na huanza upya kulingana na umri wake. Dozi ya ziada ya polio au surua haimdhuru. Inayokosekana ndiyo inayomdhuru. Kwa pepopunda, eleza unachokumbuka, hasa kama mkono uliwahi kuvimba sana. Na fishi mpya ukiipata, ipige picha siku hiyohiyo na uitume kwa ndugu mmoja anayeishi mji mwingine.